Asiye na Ndugu Anajielekeza Mwenyewe

Mwalimu hakupenda mtu amwamkie huku anatembea. Ukimpa shikamoo ya kupita hakuitikia. Alisimama, akageuka, akakungoja na wewe usimame, ndipo akasema marahaba. Wanafunzi wa sekondari walimwogopa kwa hilo, na sisi watu wazima tulimkwepa. Mimi nilikuwa karani wa ofisi ya parokia pale Mpanda, nina haraka zangu, mwanangu Skola mgongoni na mafaili mkononi, na asubuhi nyingi nililazimika kusimama kwenye vumbi mpaka salamu iishe yote, ya nyumbani, ya kazini na ya mtoto. Alinichosha. Naanza na hilo ili ijulikane kwamba huyu ninayemsimulia sikumpenda mara moja.

Alikotoka sijui. Kwa lafudhi wengine walisema Mfipa, wengine wakabisha kwamba ana maneno ya Kinyamwezi. Ukimuuliza nyumbani ni wapi alijibu, "Hapa ninapolala." Hakuna mgeni aliyewahi kushuka kwenye treni akamuulizia, wala hatukumsikia akisema mjomba wangu au dada yangu. Watu wakatunga ya kwao, maana mji mdogo haukubali mtu asiye na habari. Mimi sitatunga.

Alikuwa na sifa moja iliyowaudhi watu kuliko zote: hakusema uongo hata ule mdogo wa adabu. Jirani alioa, akamwalika aje aonje mapishi ya bibi harusi. Bibi harusi akauliza kwa haya, "Mwalimu, ugali vipi?" Akamjibu, "Haujaiva." Na alikuwa ameumaliza wote. Padri mwenyewe alipomuuliza kama mahubiri ya Pasaka yalieleweka, alisema yalieleweka mpaka katikati. Tulicheka sana siku ile, lakini siku nyingine haikuwa ya kuchekesha. Mzee mmoja mgonjwa, amelala hoi hospitali, alimuuliza kama kijana wake atafaulu mtihani. Mwalimu akamwambia hatafaulu. Nilimshika mkono tukatoka nje, nikamwambia, "Wewe Mwalimu, una moyo wa namna gani? Ungesema tu Mungu anajua." Akaniambia, "Mungu anajua. Na mimi nimesahihisha madaftari yake."

Halafu mtu huyo huyo ndiye aliyebaki kumlisha yule mzee uji kwa kijiko mpaka alipofariki. Ndivyo alivyokuwa. Hakula nyumbani kwa mtu bila kuitwa, lakini palipo na msiba alifika na jembe lake kabla ya ndugu wa marehemu. Aliwakata wanafunzi alama kwa mstari uliopinda, na shati lake mwenyewe lilifungwa vifungo kombo tangu Jumatatu mpaka Ijumaa. Mfuko wa shati ulikuwa mweupe kwa chaki. Alichora popote: sakafuni, mezani kwangu, na mara moja ubavuni mwa gunia la mpunga la muumini mmoja aliyekuja kutoa zaka, akagombezwa.

Alichokuwa anachora siku zote ni vijumba na mishale. Na hapo lazima nieleze habari ya kompyuta.

Katikati ya miaka ile ya tisini Padri aliletewa kompyuta na marafiki zake wa ng'ambo. Ilikaa muda mrefu imefunikwa kitambaa cha altare kilichochakaa, maana hakuna aliyejua kuitumia, na umeme wetu ulikuwa wa jenereta ya misheni, ile ile iliyoendesha mashine ya kusaga. Mahindi yakiisha, jenereta inazimwa, hata kama uko katikati ya neno. Mwalimu alikuwa na kitabu kinene kisicho na jalada, cha kufundisha lugha moja ya kuiamrisha kompyuta, inaitwa C. Alikuwa amekisoma miaka bila kuwa na mashine, akiandika programu kwenye daftari na kuziendesha kichwani. Padri alipomfunulia kile kitambaa, Mwalimu aliomba kwanza maji ya kunawa mikono.

Kazi aliyopewa ilikuwa hii. Wakimbizi wa karibuni, waliokimbia vita ya nchi jirani, walikuwa wametawanyika mkoani, wengine kwetu Ilembo, pembeni ya mji, wengine Litapunga, wengine mpaka Sibwesa nilikozaliwa, wanalima vibarua kwa watu. Mtu yuko hapa, shangazi yake yuko kule, na hakuna anayejua mwenzake yu hai. Makatekista walikusanya kadi za majina. Kompyuta ingeunganisha ndugu na ndugu.

Alinieleza kwa chaki, nami nilielewa, kwa hiyo na wewe utaelewa. Kumbukumbu ya mashine ni mtaa wa nyumba zenye namba. Kila mtu amepewa nyumba. Ndani ya nyumba kumeandikwa jina lake, mahali alipo, na namba ya nyumba ya ndugu yake. Ukienda kwa huyo ndugu unakuta namba ya ndugu mwingine, na huyo naye ana ya mwingine, mpaka wa mwisho anakurudisha kwa wa kwanza. Ukoo mmoja, duara moja.

"Na asiye na ndugu?" nikamuuliza.

"Anaandikiwa namba ya nyumba yake mwenyewe."

"Si uache wazi tu?"

"Ukiacha wazi, mashine itaenda kuulizia mahali pasipo na mtu, itakwama, na itawakwamisha wote. Kila mtu lazima awe na pa kuelekeza. Asiye na ndugu anajielekeza mwenyewe."

Aliupenda sana msemo huo. Mimi ulinitia baridi, na nilimwambia hivyo.

Miongoni mwa hao wa kujielekeza alikuwepo mama mmoja wa Ilembo, Venansia. Alikuwa akipepeta mpunga wa watu, mwembamba, mwenye kucheka haraka na kunyamaza haraka. Wote wa kwao walikuwa wamekufa, isipokuwa mdogo wake wa kiume aliyepotea njiani walipokimbia mara ya kwanza, miaka mingi nyuma, akiwa mtoto wa kubebwa. Hakujua kama yu hai. Alipokuja kuandikishwa, alimuuliza Mwalimu amemwandika nani kuwa ndugu yake. Mtu mwingine angekohoa, angesema tunatafuta. Mwalimu akamwambia, "Nimekuandika wewe mwenyewe." Venansia akamtazama, akanigeukia mimi. "Mama Skola, kwenu mtu anaweza kuwa ndugu ya nafsi yake?" Alicheka, akaondoka, na ungo wake akausahau.

Sasa sikiliza kosa lilivyoingia. Kwa kuwa jenereta ilizimwa bila kuaga, Mwalimu hakuwa na nafasi ya kuhifadhi majina moja moja kwenye flopi. Ilikuwa polepole mno, na mara mbili alipoteza kazi ya siku nzima. Akabuni njia: aliposikia mashine ya kusaga inaanza kupunguza mlio, aliuzoa mtaa mzima kwa mkupuo, nyumba na namba zake kama zilivyokaa, akautupa kwenye flopi. Kesho yake aliurudisha mtaa ule ule kwenye kompyuta. Na kwa kuwa kompyuta iliamka vile vile siku zote, mtaa ulirudi palepale, na kila namba ikaelekeza kwa mtu wake. Ilifanya kazi miezi mingi. Alijivuna, na mimi nilijivuna kwa ajili yake.

Kisha ikaja printa. Printa ina kiprogramu chake kidogo ambacho lazima kiamke kwanza. Kikaamka, kikakaa mbele, na mtaa wetu uliporudishwa ukasukumwa nyuma. Watu wote wakahamia nyumba mpya, lakini ndani ya nyumba zao zimebaki namba za jana. Na kwa sababu Mwalimu alikuwa amezipima nyumba zote kwa ukubwa mmoja, safi kabisa, msukumo ule uliangukia milangoni barabara, kila namba ya jana kwenye mlango wa mtu mwingine. Zingekuwa za hovyo, printa ingetema maandishi yasiyosomeka na tungejua papo hapo. Ilitoa majina ya watu. Unadhifu wake ndio uliomponza.

Tulichapa karatasi za kila mtu, zenye jina la ndugu anayemfuata kwenye duara na mahali alipo, tukazigawa nje ya kanisa baada ya misa. Venansia alikuwa mbele kwenye foleni. Karatasi yake ilimtaja ndugu: Gaspari, yupo Sibwesa.

Alipiga kelele mpaka kwaya ikatoka nje. "Mana yanje, Mungu wangu! Alikuwa hajabatizwa! Basi wamembatiza Gaspari!" Alitukumbatia mimi, Padri, na Mwalimu aliyesimama wima kama mti wa simu. Palikuwa na lori linaondoka kwenda Sibwesa kuchukua mahindi. Venansia hakurudi nyumbani hata kufunga mlango. Akapanda.

Lori halijapotea machoni, ndipo vicheko vilipoanza. Baba mmoja akaja na karatasi yake, "Nyie, mbona mmenipa mke wa jirani yangu? Yeye mwenyewe anajua?" Bibi mmoja kaandikiwa katekista kuwa mwanawe. Watu wakabadilishana karatasi, wakavunjika mbavu. Wenye ndugu walikuwa wanawajua ndugu zao, kwa hiyo kosa kwao likawa kichekesho. Asiye na ndugu hakuwa na cha kupingia. Nilimtazama Mwalimu. Alikuwa ameshika karatasi mbili, moja kila mkono, na midomo yake inahesabu. Akasema kwa sauti ndogo, "Zimesogea."

Gari jingine la Sibwesa tulilipata katikati ya wiki. Padri alinituma niende naye. Alisema mwanamke anapopelekewa habari mbaya lazima mwanamke awepo, na hiyo ndiyo desturi yetu, wala sikubisha. Njia nzima nilikuwa na hasira na Mwalimu bila kujua hasira hiyo niielekeze wapi, maana mtu hakukusudia.

Tuliwakuta nyuma ya nyumba ya mkulima mmoja, kwenye kibanda cha nyasi. Gaspari alikuwa kijana aliyezeeka mapema, macho yana utando, anaona vivuli tu. Venansia alikuwa anamkata kucha. Alipotuona akainuka, akatufuata kabla hatujafika karibu, akatusimamisha kwenye shamba la mihogo.

Mwalimu akaanza, "Dada Venansia, mashine ilikosea. Mimi ndiye niliyekosea. Yule si ndugu yako."

"Najua."

"Unajua?"

"Mdogo wangu aliungua na uji akiwa mchanga, mgongo wote. Nilimwogesha huyu siku niliyofika. Hana alama." Alitazama nyuma, kisha akashusha sauti. "Najua mimi. Yeye hajui. Alikuwa halali usiku, Mwalimu. Anakaa anasubiri kulogwa, anasubiri kufa. Sasa ananiita mushiki wanje, dada yangu, analala mpaka jua linatoka. Nimechoka kujiandika mwenyewe. Nakuombeni nyie mrudi."

Nilimjibu mimi kabla Mwalimu hajafungua kinywa. Nikamwambia, "Tumekuja kukusalimia tu." Tukarudi. Mwalimu alisimama njiani mara kadhaa kama mtu aliyesahau kitu, lakini hakurudi nyuma.

Nilidhani yameishia hapo. Mwalimu aliitengeneza upya programu yake. Safari hii kila mtu akapewa namba ya kudumu isiyohusiana na nyumba anayokaa, na ndugu akaelekezwa kwa namba hiyo. Mtaa uhame, printa ije, jenereta izimwe, namba inabaki ya mtu yule yule. Aliijaribu kwa kila vurugu aliyoweza kuibuni, na haikukosea tena. Kazi nzuri kabisa. Alipofika kwenye kadi ya Venansia, akasita. Nilikuwa nimekaa pembeni yake.

"Andika Gaspari," nikamwambia.

"Si kweli."

"Nani atakufa, Mwalimu? Wenyewe wamekubaliana."

"Mmoja amekubali. Mwingine amedanganywa."

"Basi na wewe mdanganye, uwe mtu."

Akafuta jasho. "Mama Skola, nikiweka mmoja wa uongo humu, wote waliobaki nitawaaminije? Njia ya mwongo ni fupi." Akaandika Venansia anajielekeza mwenyewe. Gaspari anajielekeza mwenyewe. Nilitoka nikaubamiza mlango wa ofisi, na siku kadhaa nilimpita bila salamu.

Malori yakaja mwishoni mwa kiangazi. Wakimbizi wa karibuni walikuwa wanapelekwa kambi za mbali, na waliokuja kuwachukua waliahidi jambo moja zuri: hawatatenganisha ukoo. Wagonjwa wasio na mtu wangebaki chini ya parokia. Walitaka orodha ya kuaminika, na orodha ya kuaminika kuliko zote mkoani ilikuwa ya Mwalimu. Watu walikusanywa uwanjani kwetu, na Venansia alifika kutoka Sibwesa amemshika Gaspari mkono. Kwa wakati huo alikuwa haoni kabisa.

Bwana aliyeshika orodha alisoma, akaangalia, akasema, "Mama, wewe panda. Huyu kipofu anabaki na Padri."

"Huyu ni musaza wanje. Ni ndugu yangu. Nitapanda naye au nitabaki naye."

"Karatasi inasema uko peke yako."

"Karatasi inajua nini?"

Yule bwana hakuwa mtu mbaya. Alitazama huku na huku, akamwona Mwalimu ukutani, akamwita. "Mwalimu, orodha hii ni yako. Mimi nitafuata utakachosema. Hawa ni ndugu au si ndugu?"

Gaspari hakuwa karibu. Alikuwa ameketishwa kivulini, anakula embe. Hakuna neno ambalo lingemfikia. Venansia alimtazama Mwalimu, hakuomba, hakulia, alimtazama tu. Nilimkanyaga Mwalimu mguu kwa nguvu zangu zote. Akafumba macho, akasema, "Si ndugu."

Walimpandisha. Hakupigana. Alipofika juu alisema jambo moja tu, akaniambia mimi: "Mwambieni nimekwenda kuchota maji." Lori likaondoka. Mwalimu alikaa chini pale pale uwanjani, kwenye vumbi, mtu mzima na heshima zake, na mimi nilimwacha hapo. Sitasema nilimwonea huruma. Nilimchukia, na nilimchukia kwa muda mrefu. Ukweli wake haukuwa na kosa hata moja, na ulimvunja mtu mbele ya macho yangu.

Jioni ile alimchukua Gaspari kwake, Ilembo. Hakumuuliza Padri wala mtu yeyote. Kompyuta hakuigusa tena. Vumbi lilirudi, na kitambaa cha altare kikarudi.

Mimi nilihamia Litapunga baada ya mume wangu kupata shamba huko. Kila nilipokutana na mtu aliyetoka kambi za mbali nilimuuliza habari za mama mwembamba mwenye kucheka haraka. Hakuna aliyemjua. Wengine walisema kambi yenyewe ilihamishwa, wengine kwamba watu walirudi makwao kwa miguu. Mpaka leo sijui kama yu hai.

Miaka ile ya tisini ikielekea ukingoni, nilimpeleka Skola hospitali Mpanda, na tukiwa tunasubiri majibu nikaona aibu kukaa mji ule bila kufika Ilembo. Nilimkuta Mwalimu barazani, ametandaza maharage kwenye ungo, anachambua. Alikuwa amekonda, shingo imetoka. Gaspari alikuwa kwenye mkeka pembeni yake, amenyolewa vizuri, shati safi.

Tulisalimiana. Gaspari aliisikia sauti yangu akafurahi, akauliza habari za shamba, akauliza habari za mtoto. Kisha akamgeukia Mwalimu kama mtu anayeulizia chakula ambacho kila siku kipo.

"Mwalimu, dereva wa lori kapita wiki hii? Dada anasemaje?"

Nilidhani sikusikia vizuri. Mwalimu hakuinua uso.

"Kapita," akasema. "Dada anakusalimu. Anasema mihogo imekubali mwaka huu. Amepata na mbuzi."

"Mwingine? Si alikuwa na wawili?"

Mwalimu akasita. Nilimwona anatafuta, mtu aliyeweza kubeba mtaa mzima wa namba kichwani. "Sasa watatu," akasema. "Mmoja ana mimba."

Gaspari alicheka kwa furaha, akapiga goti lake kwa kiganja. "Ameshakuwa tajiri, huyo. Na bado anachota maji ya watu?"

"Ameacha. Ana mtu wa kumchotea."

Sikuweza kuangalia. Nilijishughulisha na kanga ya Skola. Miaka yote ile nilikuwa nimebeba maneno ya kumwambia Mwalimu siku nikimwona, makali, nimeyapanga, na sasa yalinikauka mdomoni. Nilimwona alivyochoka. Kila wiki alikuwa anatafuta mvua, mbuzi, salamu, na ilibidi akumbuke yote aliyosema wiki iliyopita, maana yule kipofu hakusahau kitu.

Kisha Gaspari akaelekeza uso wake upande wangu. "Mama Skola, nyie watu wa Litapunga mnasafiri sana. Wewe hujamwona dada yangu?"

Vidole vya Mwalimu vikasimama juu ya maharage. Hakunitazama, wala hakuniomba.

"Nimemwona," nikasema. "Wakati wa mavuno."

"Amenona?"

"Amenona sana," nikamwambia. "Nilimpita, sikumtambua."